Ndege Iliyobaki Isituchagulie wa Kumkumbuka

Wikiendi iliyopita nilikuwa kwenye maonyesho ya ndege za kale huku mashariki mwa Uingereza, nimesimama kwenye nyasi na maelfu ya watu, sote tunatazama juu. Lancaster, ndege ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, unaisikia kabla hujaiona. Mngurumo wa zile injini nne unaanzia kifuani, masikio yanafuata, halafu ndipo unaona kitu cheusi kinakua juu ya miti. Mzee mmoja mbele yangu alivua kofia akaishika tumboni kwa mikono miwili. Ndege ikapita, ikazunguka, ikarudi milango ya tumbo ikiwa wazi, ikapita tena. Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

Muda wote huo mtangazaji alikuwa anatusomea mashine. Injini ni za Merlin. Mabawa yana urefu wa mita 31 toka ncha hadi ncha. Ziliundwa 7,377, na leo zinazoruka ni mbili tu duniani kote, hii ya hapa na nyingine iliyoko Canada. Nguvu za farasi, mwendo kasi, uzito wa mabomu. Ndege ilipokwisha kuwa kidoa ndipo akasema tuwakumbuke wote waliojitoa mhanga. Sentensi moja. Kwa pumzi hiyo hiyo akatangaza kwamba kuna gari limezuia njia ya kutokea.

Hatukutajiwa jina hata moja! Ndege iliyoundwa kubeba watu saba imerushwa juu ya vichwa vyetu kwa ajili ya kuwakumbuka watu, na hatukuambiwa habari ya mtu yeyote.

Nimebaki na hasira hiyo wiki nzima, na nataka niieleze vizuri, kwa sababu wenzangu niliowaambia walidhani nalalamikia kelele au moshi. Ndege hizi nazipenda. Niko tayari kusafiri nusu ya siku nikaione moja ikipita kwa dakika tano. Ninachokataa ni ndege igeuzwe kuwa ndiyo marehemu anayeombolezwa.

Hesabu zenyewe zinatisha. Walioruka na ndege za mabomu za Jeshi la Anga la Uingereza, RAF, kwenye vita vile vya pili walikuwa takribani 125,000, na kila mmoja wao alijitolea mwenyewe. Hakuna aliyelazimishwa kupanda ndege. Waliokufa ni 55,573. Chukua vijana kumi waliokaa meza moja ya chakula, wanne hawarudi, na wa tano nusu yake iko kaburini. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 22 hivi. Umri wa kijana wa mwaka wa pili au wa tatu chuo kikuu, ambaye mama yake bado anampigia simu kumuuliza kama amekula.

Anayetaka kuwaelewa aende East Kirkby, jimbo la Lincolnshire, huko huko mashariki, kwenye Lancaster iitwayo Just Jane. Hairuki, ila injini zinawaka na inatembea kwenye nyasi, na watu wanaingia ndani. Mimi niliingia. Kutoka mlangoni kwenda mbele unakutana na boriti la chuma linalobeba mabawa, limekatiza njia kiunoni. Lazima ulipande, ulalie tumbo, ujivute upande wa pili. Nilikuwa nimevaa fulana na viatu vya raba, mchana kweupe, ndege imesimama, na bado niligonga goti. Wao walilipanda usiku, wamevaa manyoya na mabuti mazito, ndege inayumba, pengine inawaka moto, na mlango wa kutokea uko upande mwingine.

Halafu nyuma kabisa kuna kibanda cha vioo cha mpiga bunduki wa mkiani. Kijana huyo alikaa peke yake kwa muda wa saa nane au tisa, amegeuka kinyume na wenzake wote, anatazama kule wanakotoka. Baridi ilishuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Mwavuli wake wa kurukia haukuenea ndani ya kibanda, ulitundikwa nje, nyuma ya mgongo wake. Ndege ikipigwa, alitakiwa kwanza afungue vijilango, anyooshe mkono gizani, aushike, auvae, ndipo afikirie kuruka. Kama mitambo ya kuzungushia kibanda imekufa na vijilango havifunguki, basi. Haya ndiyo mambo ya kusomwa kwenye spika. Mtoto wa miaka kumi akisikia habari za mwavuli ule hatasahau mpaka anazeeka.

Sasa nifike pale panaponiuma zaidi.

Tukiacha mashine izungumze kwa niaba ya watu, tutawakumbuka wale tu ambao mashine zao zimebaki. Na kubaki kwa ndege hakukuwa na haki yoyote ndani yake. Baada ya vita nyingi zilikatwakatwa zikauzwa vyuma chakavu. Stirling, nazo ndege za mabomu za RAF, ziliundwa zaidi ya 2,300 na leo hakuna hata moja iliyo nzima, popote. Halifax ziliundwa zaidi ya 6,000. Chache zimo kwenye makumbusho, hakuna inayoruka. Mosquito ya mwisho kuonekana angani kwenye maonyesho ya Uingereza ilianguka mwaka 1996 na wote wawili waliokuwa ndani wakafa. Kwa hiyo tumebaki na Lancaster, na kwa sababu tumebaki na Lancaster, hadithi nzima ya ndege za mabomu imekuwa ya Lancaster.

Nani anaangukia nje ya hadithi hiyo? Wengi sana, na miongoni mwao ndugu zetu.

John Henry Smythe alizaliwa Freetown, Sierra Leone. Kabla ya Oktoba 1939 asingeweza kuwa ofisa wa RAF hata angekuwa na akili za namna gani, kwa sababu kanuni zilimtaka ofisa awe wa asili ya Ulaya. Vita vilipowabana ndipo kizuizi kikaondolewa, naye akajitolea. Akafundishwa kuwa mwelekezi, yule anayekaa na ramani, rula na saa, akikokotoa upepo unavyoisukuma ndege gizani, kila baada ya dakika chache anamwambia rubani waelekee wapi. Wenzake wote wako mikononi mwake, hata rubani mwenyewe. Aliruka na Stirling za Skwadroni ya 623. Mnamo Novemba 1943, kwenye shambulio la Mannheim, ndege yao ilipigwa. Alijeruhiwa, akaruka, akakamatwa, akakaa kambi ya mateka kule Barth, pwani ya Baltiki, hadi Warusi walipofika mwaka 1945. Mwafrika mweusi, mateka, ndani ya Ujerumani ya Hitler. Alirudi akasoma sheria, akawa Mwanasheria Mkuu wa Sierra Leone.

Lakini Stirling hakuna. Basi na Smythe hayupo kwenye spika.

Akin Shenbanjo wa Nigeria aliruka na Halifax za Skwadroni ya 76. Halifax hazipiti juu ya uwanja, naye pia hatajwi.

Na sasa Ulric Cross, na hapa nawaomba wasomaji wangu wa Dar es Salaam mtulie mnisikilize. Cross alizaliwa Port of Spain, Trinidad, mwaka 1917. Alijiunga na RAF mwaka 1941, naye akawa mwelekezi, kwenye Mosquito za Skwadroni ya 139, iliyobeba jina la Jamaica kwa kuwa watu wa kisiwa hicho walichanga fedha za kununulia ndege za mabomu. Mosquito ilikuwa ya mbao, watu wawili tu, bega kwa bega, rubani na mwelekezi. Mzunguko wa kawaida wa kuruka vitani ulikuwa safari 30, ukimaliza unapumzishwa, na wengi hawakuumaliza. Cross aliruka safari 80. Alitunukiwa nishani za ushujaa, DFC na DSO. Kwa watu wa visiwa vile hakuna mwanaanga wa vita hivyo aliyepambwa kumshinda.

Baada ya vita alifuata sheria, akaja Afrika. Alifanya kazi Ghana, kisha Cameroon. Na kuanzia mwaka 1967 hadi 1971 alikuwa Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, akiliongoza pia lile baraza la kudumu la kuamua migogoro ya kazi. Huyo mtu alikaa kwetu, jamani! Miaka ile ya Azimio la Arusha, wakati wafanyakazi na mashirika mapya ya umma wakitafutana haki, aliyeketi kitini kuwaamua ni mtu aliyekuwa amevuka anga la Ujerumani usiku mara kwa mara na penseli mkononi. Ni wangapi kati yetu tulifundishwa jina lake shuleni? Mimi nililisoma Uingereza, nikiwa mtu mzima, nikashindwa kulala.

Alifariki mwaka 2013. Hakuna Mosquito iliyopita juu ya Mahakama Kuu pale Kivukoni, wala siidai ipite. Nasema kwamba ukiisubiri ndege ije kumtaja Cross, utasubiri milele.

Kwenye kamba ya uwanjani nilimuuliza mzee mmoja wa kujitolea kama anajua habari za Waafrika au watu wa Karibi walioruka kwenye ndege hizi. Alikuwa mpole, akafikiri kwa dhati, akaniambia pengine walikuwepo mafundi wa ardhini. Hakuwa na ubaya wowote. Ameitumikia kumbukumbu hii kwa jasho lake, bila malipo. Ila hakuna aliyemwambia, na yeye ndiye anayewajibu watoto.

Niseme pia kwamba Lancaster yenyewe ina habari zetu, na hazisomwi. Ile inayoruka Uingereza, namba yake PA474, inatunzwa na kikosi cha kumbukumbu cha RAF pale Coningsby. Iliundwa mwaka 1945 kwa ajili ya kwenda kupigana na Japani, vita vikaisha kabla haijaondoka. Haikuwahi kudondosha bomu vitani. Badala yake ilifungwa kamera, na kati ya mwaka 1948 na 1952 ilitumika na Skwadroni ya 82 kupiga picha za ardhi, Afrika Mashariki na Kusini. Picha za angani za namna hiyo ndizo zilizotumika kuchora ramani za makoloni. Wapima ardhi wa zamani wanazijua. Nilipokuwa natazama tumbo la ndege ile nilifahamu kwamba imewahi kupita juu ya mashamba ya upande wetu wa dunia, wakati bibi zetu wakiwa wasichana, nao wakaacha majembe wakatazama juu. Miaka minne ya maisha yake, na mtangazaji hana hata nusu sentensi kwa ajili hiyo.

Na kama tunasema ukweli tuseme wote. Lancaster ilizaa ndege nyingine, Lincoln, yenye umbo lile lile na injini nne zile zile za Merlin. Kuanzia mwaka 1953, Lincoln za RAF ziliruka kutoka Eastleigh, Nairobi, zikadondosha mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, kuwapiga Mau Mau. Msomaji wangu wa Nyeri au Murang'a hahitaji ramani ili anielewe. Kwa familia nyingine mngurumo ule hauleti machozi ya fahari hata kidogo.

Wapo watakaoniambia kwamba ndege za mabomu hazistahili kukumbukwa kabisa, kwa sababu ya waliokuwa chini. Hoja hiyo naiheshimu. Hamburg, Julai 1943, moto uliokusanyika ukawa kimbunga ukaua watu kati ya 34,000 na 40,000. Dresden, Februari 1945, tume ya wanahistoria iliyoundwa na mji wenyewe ilihitimisha mwaka 2010 kwamba waliokufa walifika hadi 25,000. Wengi walikuwa wanawake, watoto na wazee. Sitasema walistahili. Sitasema pia kwamba kijana wa miaka 22 kwenye kibanda cha vioo ndiye aliyechagua mji. Vitajwe vyote viwili, siku ile ile, kwenye spika ile ile, hata kama aiskrimu itapunguza utamu. Uingereza yenyewe ilishindwa kuzungumza jambo hili kwa muda mrefu, na ndiyo maana mnara wa kitaifa wa vijana hawa pale Green Park, London, ulizinduliwa mwaka 2012 tu, miaka 67 baada ya vita. Wazazi wao wote walikuwa wameshazikwa. Na ndege hizo hizo, toka mwishoni mwa Aprili 1945, ziliwadondoshea Waholanzi waliokuwa wanakufa njaa zaidi ya tani 6,000 za chakula. Hilo nalo lisemwe.

Kuhusu hatari za kurusha ndege zenye umri wa babu, nitakuwa mfupi. Oktoba 2019 B-17, ndege ya mabomu ya Kimarekani ya vita vile vile, ilianguka Connecticut, wakafa saba. Novemba 2022 ndege mbili ziligongana kwenye maonyesho ya Dallas, wakafa sita. Sidhani kumbukumbu ya waliokufa inahitaji wafu wapya, na siku wahandisi watakaposema PA474 ishuke isipande tena, nitaomba watu wasilie kana kwamba kila kitu kimekwisha.

Hakijakwisha, kwa sababu inawezekana kufanya vizuri, na wapo waliofanya. Ile Just Jane ya East Kirkby ilinunuliwa na ndugu wawili wakulima, Fred na Harold Panton, kwa ajili ya kaka yao Christopher, aliyeuawa usiku wa shambulio la Nuremberg, Machi 1944, akiwa na miaka 19. Christopher hakufa kwenye Lancaster. Alikuwa kwenye Halifax. Wadogo zake walichukua ndege iliyopatikana, wakaiweka kwa ajili ya ndugu yao, na leo kila anayeingia pale anaambiwa habari za Christopher. Wacanada nao Lancaster yao wameiweka kwa ajili ya Andrew Mynarski, mpiga bunduki aliyeacha kuruka ndege yao ilipowaka moto Juni 1944, akajaribu kumtoa mwenzake aliyenaswa kwenye kibanda cha mkiani, nguo zake mwenyewe zikiungua, mpaka mwenzake alipomwashiria aende. Mynarski akafa. Yule aliyenaswa akapona, akasimulia. Ukiiona ndege ile, unamjua Mynarski.

Kwa hiyo hakuna sababu yoyote Lancaster ya Coningsby isimtaje Smythe wa Stirling au Cross wa Mosquito. Kwenye kilima kinachoutazama mji wa Lincoln kuna kuta za chuma chenye rangi ya kutu, zimekatwa majina karibu 58,000 ya waliokufa, warukaji na wa ardhini pamoja, herufi zimetoboka mwanga unapita. Watu huchomeka maua mekundu ya karatasi kwenye herufi. Orodha yenyewe iko kwenye intaneti, bure, unaandika jina unapata mtu, alikotoka, ndege aliyopanda na usiku aliokufa. Mtangazaji anaweza kuchagua saba kila onyesho. Saba tu, idadi ya ndege moja. Dakika mbili.

Nimewaandikia waandaaji wa maonyesho niliyohudhuria. Nimewapa majina ya Smythe, Shenbanjo na Cross, nimewaeleza habari za kamera na Afrika Mashariki, na nimejitolea kusimama mwenyewe kwenye maiki nikayasoma kama wao hawana nafasi. Nikijibiwa nitawaambieni.

Upande wa nyumbani ombi langu ni moja. Wapo makarani, mawakili na viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliosimama mbele ya Jaji Cross kati ya 1967 na 1971, na walio hai sasa ni wazee sana. Kama babu au bibi yako alikuwa mmoja wao, kaa naye mwezi huu, muulize jaji yule alikuwaje, alizungumzaje, aliwahi kuigusia vita au hakuwahi, na uyaandike.